Soichiro Honda: Fundi aliyeshindwa na ringi akarudi darasani

Kama umewahi kufungua injini ya gari la nyumbani huku simu umeiegemeza kwenye betri ikicheza video, hii stori ni yako.

Yangu ilianzia Modogashe, pale barabara za kutoka Garissa, Isiolo na Wajir zinapokutana. Abti wangu ana Hilux ya dizeli iliyonizidi umri. Imebeba mbuzi, mitungi ya maji, wagonjwa, hata maharusi. Halafu ikaanza kutoa moshi wa buluu na kunywa oili kama ngamia aliyefika kisimani. Asubuhi ilikuwa haiwaki mpaka isukumwe na vijana sita.

Mimi nilikuwa nimeacha chuo, niko tu, bando ninayo. Nikamwambia abti asipoteze pesa kwa mafundi, hiyo overhoo nitaipiga mwenyewe. Abti akauza mbuzi wawili. Nikafungua silinda hedi, nikashusha sampu, nikatoa pistoni zote nne, nikavisha ringi mpya, nikaweka gasketi mpya, nikafunga. Ikawaka! Watoto wakapiga makofi, nami nikajiona injinia.

Wiki mbili baadaye moshi ulirudi, mzito kuliko wa kwanza.

Nitakuambia nilikosea wapi. Lakini kwanza wacha nikupe maisha ya mtu mwingine aliyeaibishwa na ringi hizo hizo, tena yeye akiwa tayari ni fundi mwenye jina. Jina lake umeliona kwenye pikipiki, jenereta, pampu za maji na magari. Ni Soichiro Honda.

Mtoto wa mhunzi

Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu nchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye alifungua kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Hawakuwa na mali, lakini nyumba ilikuwa imejaa nyundo, koleo na vyuma vya kuchezea.

Akiwa bado mdogo, gari la kwanza lilipita kijijini kwao. Alilikimbiza mpaka akaachwa. Pale liliposimama lilikuwa limedondosha oili, naye akainama akainusa ile harufu na kuipaka mikononi. Mpaka uzeeni alikuwa akiisimulia siku hiyo.

Shuleni hakuwa mtu wa vitabu. Ripoti za wanafunzi zilipelekwa nyumbani zikapigwe mhuri wa familia, na zake hazikuwa za kumwonyesha mzazi. Basi akachonga mhuri wake mwenyewe kwa mpira wa pedali ya baiskeli. Ujanja huo ulifanya kazi mpaka alipoanza kuwachongea na wenzake. Herufi za jina Honda zikigeuzwa kama kwenye kioo hubaki vilevile. Za majina mengine hazibaki hivyo, na yeye hakulijua hilo. Akanaswa.

Huo mhuri uweke kichwani, tutaurudia.

Yaya wa karakana

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, aliondoka kijijini akaenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika karakana ya magari iliyoitwa Art Shokai. Alifika akiwa na hamu ya kushika spana. Badala yake alikabidhiwa mtoto mchanga wa bosi. Miezi ikapita akiwa yaya, mtoto mgongoni, anafagia sakafu na kuchungulia mafundi wakiwa chini ya magari. Alifikiria kufunga virago arudi kwao, lakini akakaza roho.

Septemba 1, 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Tokyo na Yokohama. Zaidi ya watu 100,000 walikufa, wengi kwa moto uliofuata. Moto ulipoikaribia karakana, ilibidi magari ya wateja yaondolewe haraka. Honda, ambaye hakuwa amewahi kuendesha gari, aliruka kwenye usukani akatoka nalo katikati ya umati.

Baada ya janga, wafanyakazi wengi walirudi makwao. Yeye alibaki. Kulikuwa na magari mengi yaliyoungua, na bosi wake, Yuzo Sakakibara, aliyachukua ili yafufuliwe. Hapo ndipo yule yaya akageuka fundi. Alinyoosha vyuma vilivyopinda, akafungua injini zilizoonja moto, akazifunga, zikawaka. Mwaka 1924 alikuwa tayari anakaa ndani ya gari la mashindano kama mekanika wa dereva, na gari hilo lilishinda.

Mwaka 1928, akiwa na miaka 21, Sakakibara alimruhusu afungue tawi la Art Shokai kule Hamamatsu. Tawi likanawiri. Lori likishindwa kwa wengine, linapelekwa kwa Honda. Alibuni hata spoku za chuma za kuchukua nafasi ya zile za mbao kwenye magurudumu, akapata hataza. Kijana wa kijijini akawa na pesa, akawa na jina, akajenga gari lake la mashindano. Mwaka 1936 gari hilo lilipata ajali mbaya uwanjani karibu na Tokyo. Yeye aliumia, na mdogo wake Benjiro, aliyekuwa naye ndani, akaumia zaidi.

Fundi wa namna hiyo ungefikiri hakuna kitu kwenye injini kingemshinda tena.

Kipande kidogo, aibu kubwa

Kipindi hicho Honda aliamua kuachana na kutengeneza magari ya watu, aanze kuunda vipuri. Alichagua ringi za pistoni. Ni vipande vidogo vinavyouzwa bei nzuri, na alijiambia ni pesa rahisi.

Kama hujawahi kuishika ringi, ni hivi. Pistoni haikai ikiwa imebana ukuta wa silinda yenyewe. Imezungushiwa pete za chuma, kwa kawaida tatu. Za juu huzuia nguvu ya mlipuko isipenye kwenda chini. Ya chini kabisa hupangusa oili ukutani isipande juu ikaungua. Ringi zikichoka, injini inapoteza nguvu, inakuwa ngumu kuwaka, na oili inaungua ikitoa moshi wa buluu. Kwa hiyo ringi lazima iwe ngumu isilike haraka, lakini pia iwe na springi ya kuusukuma ukuta muda wote, ndani ya moto, maelfu ya mara kwa dakika.

Honda alifanya kazi ya karakana mchana, usiku akayeyusha chuma kutafuta ringi. Hazikukubali. Alibadilisha hiki na kile, akabahatisha, akarudia. Mikono yake ilijua kila kitu kuhusu injini isipokuwa kitu kimoja, nacho ni chuma chenyewe kimechanganywa na nini. Hilo huwezi kulisikia kwa sikio wala kulihisi kwa kidole.

Alipopeleka ringi yake ikapimwe na mtaalamu, jibu lilikuwa fupi. Ilikosa silikoni ya kutosha. Honda hakuwa anajua hata kwamba silikoni ni kitu cha kuwekwa humo.

Hapa ndipo stori yake huwa inapotoshwa mitandaoni. Utasikia watu wakimtaja Honda kama ushahidi kwamba shule ni kupoteza muda. Mimi mwenyewe nilimtumia hivyo siku nilipokuwa namweleza mama kwa nini sirudi chuoni. Ukweli ni kinyume. Mtu mzima wa miaka 30 hivi, mwenye biashara, mke na wafanyakazi, alijiandikisha katika shule ya ufundi ya Hamamatsu akakaa darasani na vijana wadogo kusoma habari za metali. Mchana yuko darasani, jioni anarudi kwenye tanuri kujaribu alichosikia.

Ni kweli hakumaliza kwa utaratibu. Alisikiliza yale yaliyohusu ringi, mengine hakuandika, na mitihani hakuifanya. Shule ikamwambia basi hatapata cheti, naye hakusikitika. Lakini alikosa karatasi tu. Kile alichofuata mle ndani alikibeba akaondoka nacho. Kati ya kuacha shule ukiwa na jibu na kuacha shule ukiwa huna hata swali, kuna umbali kama wa kutoka Modogashe hadi Nairobi.

Mwaka 1939 ringi zikakubali, angalau kwa kuangalia. Honda aliwaachia wanagenzi wake ile karakana na kuwa rais wa kampuni ya Tokai Seiki, iliyoundwa kwa ajili ya ringi. Walipeleka ringi 50 kwa Toyota zikakaguliwe. Zilizofaulu zilikuwa 3.

Tatu! Angeweza kulaumu wakaguzi. Badala yake alizunguka Japani kwa karibu miaka miwili, akiingia vyuo vikuu na viwanda vya chuma, akiuliza na kutazama wengine wanavyofanya. Mwisho Toyota ikakubali ringi zake, na kampuni ikafikisha wafanyakazi wapatao 2,000.

Ndiyo, Toyota hiyo hiyo iliyounda Hilux ya abti.

Turudi Modogashe kidogo

Sasa kosa langu. Baada ya moshi kurudi, abti alimwita mzee mmoja aliyetengeneza malori ya njia ya Wajir kwa miaka mingi. Hakuniuliza kitu. Alifungua tena injini, akachukua ringi moja mpya, akaisukuma peke yake ndani ya silinda, akaniambia nipime nafasi iliyopo kati ya ncha zake mbili kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita fila. Nafasi ilikuwa pana kupita kiasi. Kisha akanishika kidole akakipitisha juu ya ukuta wa silinda. Kulikuwa na ngazi. Ukuta ulikuwa umelika.

Akanionyesha chujio la hewa. Lilikuwa na tundu lililozibwa kwa kitambaa. Kwa miaka, mchanga wa njia yetu ulikuwa unaingia kwenye injini na kuisaga silinda kama msasa. Silinda ikiwa imelika haiwi tena duara kamili. Ukiivisha ringi mpya, ni kama kufunika sufuria yenye umbo la yai kwa kifuniko cha duara. Video niliyoitazama ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ya injini ambayo silinda zake zilikuwa nzima. Mimi nilijifunza kufungua na kufunga. Kupima sikujifunza, kwa sababu kupima hakuna makofi.

Ilibidi bloku ipakiwe kwenye lori hadi Nairobi ikachongwe, zinunuliwe pistoni na ringi za saizi kubwa zaidi. Ringi za kwanza zilikula mbuzi wawili. Kosa langu lilikula tisa. Na kwa wiki zote hizo nyumbani kwa abti maji yaliletwa kwa boda, mtungi mmoja mmoja, kwa pesa.

Kuanza upya na chupa ya maji moto

Honda naye alipoteza, tena zaidi ya mbuzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Toyota ilichukua asilimia 40 ya hisa za Tokai Seiki, naye akashushwa kutoka urais. Mwaka 1944 mabomu ya Marekani yaliangamiza kiwanda kimoja. Januari 1945 tetemeko likaangusha kingine. Vita vilipoisha aliiuzia Toyota hisa zake akakaa karibu mwaka mzima bila kazi ya maana.

Mwaka 1946 alianza tena Hamamatsu katika kibanda kidogo. Watu walikuwa wanasafiri kwa baiskeli, petroli ni ya shida, treni zimejaa. Honda alipata injini ndogo zilizokuwa zikiendesha jenereta za redio za jeshi. Akaifunga moja kwenye baiskeli. Tangi la kwanza la mafuta lilikuwa chupa ya bati ya kuwekea maji moto ya kupasha kitanda. Mke wake, Sachi, alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuiendesha barabarani. Injini zile za jeshi zilikuwa kama 500 tu, na zilipokwisha akaunda zake. Septemba 1948 ikazaliwa kampuni ya Honda Motor.

Mwaka uliofuata alijiunga naye Takeo Fujisawa. Honda alijua injini, pesa hakuzijua, na safari hii hakusubiri kuaibishwa. Alimwachia Fujisawa mambo yote ya fedha na mauzo, pamoja na mhuri rasmi wa kampuni. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuutumia. Yule mtoto aliyechonga mhuri wa uongo kuficha asichojua, ukubwani aliutoa mhuri wa kweli kwa anayejua.

Kutoka hapo mambo yalienda kasi. Mwaka 1954 alitangaza kwamba pikipiki za Honda zitashindana katika kisiwa cha Man, mashindano makubwa kuliko yote. Alipokwenda kutazama aligundua wenzake wako mbali sana. Hakujifanya. Alinunua vipuri vya Ulaya akarudi navyo nyumbani akavisome. Wakaingia mashindanoni 1959, na 1961 wakashinda. Katikati ya hapo, mwaka 1958, waliunda Super Cub, pikipiki ndogo ngumu ambayo kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Pale kiburi kilipomrudia

Tusimfanye malaika. Honda alikuwa mkali, na wafanyakazi wake wanasimulia spana zikirushwa na makofi yakishuka. Na alipozeeka aliugua ugonjwa uleule aliouponya akiwa na miaka 30, wa kudhani anajua tayari.

Miaka ya 1960 alishikilia kwamba injini za magari zipozwe kwa hewa, si kwa maji. Wahandisi vijana walipinga. Mwaka 1968 kampuni ilitoa gari la Formula One la kupozwa kwa hewa. Dereva wao, John Surtees, alikataa kushindana nalo akisema haliko tayari. Mfaransa Jo Schlesser aliliendesha kwenye mashindano ya Ufaransa mjini Rouen, likaanguka, likashika moto, akafa.

Hata baada ya hapo Honda aliendelea kung'ang'ania. Fujisawa ndiye aliyemkalisha chini na kumtaka achague kama yeye ni rais wa kampuni au ni fundi. Alichagua kuwa rais, akawaachia vijana njia. Wakaunda injini za maji, na mwaka 1972 wakatoa CVCC, iliyotimiza sheria mpya kali za Marekani kuhusu moshi wa magari.

Mwaka 1973 Honda na Fujisawa walistaafu pamoja. Mzee akaanza kuzunguka Japani, karakana baada ya karakana, kuwashukuru wafanyakazi mmoja mmoja. Mahali fulani fundi mmoja alisita kumpa mkono kwa sababu ulikuwa na oili. Honda aliushika hivyo hivyo, kwa furaha, maana ile harufu aliipenda tangu utotoni.

Alifariki Agosti 5, 1991 akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa sababu msongamano wa magari ungewasumbua watu.

Hilux ya abti ipo Modogashe na asubuhi inawaka kwa funguo. Chujio jipya la hewa nalikung'uta mimi kila nikienda. Na kama gari la mzee wako limeanza kutoa moshi wa buluu, usiogope kulifungua. Ila kabla mtu hajauza mbuzi, nunua fila, mtafute mzee wa malori mwenye subira, na umwombe akufundishe kupima.